Mahali Murdo Alipowindia Bata

Otamaru, Southland
11 Januari 1988

Shemeji yangu Ewen,

Natumaini goti lako linakutii na joto la Queensland halijakuyeyusha. Mimi ni mzima. Maharage yamezaa kupita kiasi mwaka huu, nagawa mpaka watu wanavuka barabara wakiniona na kikapu. Dot amenenepa. Kila anayekuja kunipa pole humpa na mbwa kipande cha kitu, na wamekuja wengi. Dada yangu Thelma huja kila Jumatano kunihimiza nipunguze kulia na niongeze kula, kisha anakula yeye.

Asante kwa kadi yako ya Agosti. Nimeiweka juu ya meko pamoja na zile nyingine. Yako ndiyo pekee isiyokuwa na maua. Ilikuwa na picha ya trekta. Nilicheka, na wiki ile kucheka hakukuwa kazi ndogo.

Nguo za Murdo nimezitoa, isipokuwa gambuti, kofia na koti lake la kuwindia. Mfukoni nilikuta kipande cha kamba, filimbi yake ya kuitia bata, na peremende iliyoota manyoya. Peremende nimeirudisha ilipokuwa.

Sasa lile ninalotaka kukuandikia. Neville Tulloch, yule wa nyumba ya pili aliyehamia hapa miaka kumi iliyopita kutoka kaskazini, amekuja mara tatu tangu Krismasi, kila mara na keki.

"Pole sana, Verna," akaniambia. "Murdo alikuwa mtu wa watu."

"Hakuwa," nikamwambia. "Alikuwa mtu wa bata."

"Hapo umesema kweli. Na hao bata, hivi, hasa alikuwa akiwapigia upande gani?"

Nikamwongezea chai. Lakini hata ningetaka kumjibu, nisingeweza. Miaka thelathini na nane nimefungasha chakula cha kwenda mahali nisipopajua. Nilimuuliza Murdo mara moja tu, mwaka tuliooana. Alisema, "Kule kule," akaendelea kuvaa gambuti. Sikuuliza tena. Wake wa wawindaji wa huku hatuulizi, nao hawatuulizi tunatia nini kwenye keki ya Krismasi.

Unaijua sheria kuliko mimi. Vinamasi vile ni vya umma, na aliyekuwa na kigingi mahali mwaka jana ana haki ya kwanza mpaka Jumapili ya pili ya Aprili, saa nne asubuhi. Chama cha wawindaji kinaandika namba ya kigingi, hakiandiki mahali. Murdo hayupo tena wa kuidai haki yake. Saa nne ikigonga tarehe 10 Aprili, yeyote mwenye leseni atakayetangulia kupigilia chake, pameshakuwa pake kwa msimu mzima. Neville ameshanunua nyundo mpya. Alinionyesha.

Ninyi ndugu wawili mliwinda pamoja mpaka ulipohama. Niambie tu ni wapi. Ningekupigia simu, lakini wewe kwenye simu huwa unapumua tu.

Shemeji yako,
Verna

---

Mackay, Queensland
20 Februari 1988

Shemeji Verna,

Barua yako ilinifikia Januari ileile. Ningeweza kukwambia posta iliichelewesha, ila posta ya hapa haijanikosea kitu. Iliyoichelewesha ni meza yangu.

Mimi ni mzima, goti halijambo likiwa limekaa. Mvua imenyesha siku kumi na moja mfululizo na miwa imelala chini kama walevi. Kiwandani tunatengeneza mitambo, tunangoja msimu. Kuna chura mkubwa anaishi ndani ya sanduku langu la barua. Alikuwa ameikalia barua yako, ndiyo maana nakuomba uandike kwa wino usiotoka.

Nimefurahi kusikia habari za Dot. Mwambie apunguze keki.

Kuhusu ulichoniuliza, sitasema. Niliapa mbele ya Murdo, mwaka 1968, kwamba mahali pale hapatatoka mdomoni mwangu wala kwenye kalamu yangu, kwa mtu yeyote, maisha yangu yote. Hakusema "isipokuwa Verna". Usiniulize kwa nini niliapishwa. Na kwa kweli sijui hata kama aliendelea kwenda hapohapo baada ya mimi kuondoka.

Mwachie Neville. Ni bata tu, Verna. Tena wewe na silaha nawajua. Kwenye harusi ya Thelma ulifungua chupa moja ya shampeni na kizibo kikampata mchungaji kwenye paji la uso. Bata wa Otamaru wana haki ya kuonywa.

Usikasirike.
Ewen

---

Otamaru
1 Machi 1988

Shemeji Ewen,

Sijakasirika. Msalimie chura. Mchungaji alipona, na aliniambia mwenyewe kwamba lilikuwa pigo safi.

Huku asubuhi zimeanza kuwa na ubaridi. Thelma amepata meno mapya na hataki kuyatumia kwa vitu vigumu, kwa hiyo Jumatano tunakula mikate ya kukunja yenye jibini, ile uliyokuwa ukiipenda. Alikula mitano na kusema hana hamu ya kula.

Sikuulizi kuhusu mwaka 1968. Kama uliapa, uliapa. Lakini siwezi kumwachia Neville, na nimeanza kutafuta mwenyewe.

Kwanza nilifikiri Dot atanipeleka. Amekwenda na Murdo misimu saba. Nikamvika mshipi, nikavaa gambuti za Murdo na soksi mbili, nikamwambia, "Haya, twende kwa bata." Akanivuta maili nzima kwa furaha kubwa, tukafika nyuma ya bucha.

Pili nilitazama tope. Pikapu yake haijaoshwa tangu mwaka jana. Nikalikwangua tope chini ya mlango, nikampelekea Thelma aliyewahi kufundisha jiografia. Alilitazama kwa miwani, akalinusa, akasema, "Ni tope, Verna."

Tatu nimezunguka kwa miguu. Kuna vinamasi vitatu vya umma ambavyo mtu angefika kwa pikapu, akapiga bata wake, na kuwa nyumbani saa ya chai kama alivyokuwa akifanya. Kila kimoja ni manyasi marefu kuliko mimi na maji yasiyoonyesha mwisho. Ungeweza kuficha kanisa humo. Nilitumbukia mpaka kiunoni katika cha pili, na nani alikuwa amesimama ukingoni akijifanya anatazama mawingu?

"Verna! Unatafuta kitu?" Neville akaita.

"Natafuta mbwa."

"Mbwa si huyo hapo kando yako?"

"Sasa si nimempata," nikamwambia.

Najua unasema ni bata tu. Nami nimejiuliza kwa nini sitaki kuliacha. Nadhani ni hivi. Nilikuwa na Murdo siku zote za mwaka isipokuwa moja, ile Jumamosi ya kwanza ya Mei. Asubuhi ile alikuwa akiondoka gizani akipiga mluzi, akirudi ana uso wa mtu aliyetoka kanisani. Wakati mwingine bila hata bata mmoja. Ningependa kukaa mara moja pale alipokuwa akikaa, nione alikuwa akiona nini. Baada ya hapo Neville akitaka na apachukue.

Hata chakula sikuwahi kujua kilikwendaje huko. Hata ulipohama, kila mwaka alisema, "Fungasha cha watu wawili." Nami nikafungasha, na kila mwaka nusu ilirudi ikaliwa na mbwa. Nilimwambia ana macho ya mlafi na tumbo la shomoro. Hakunibishia.

Verna

---

Mackay
14 Machi 1988

Shemeji Verna,

Safari hii nimejibu siku ileile ilipofika, kwa hiyo mwandiko ni mbaya.

Nimesoma habari za bucha mara mbili, mara ya pili kwa sauti, kiwandani, wakati wa chai. Vijana wanataka kujua kama mbwa huyo anauzwa.

Nakwambia la mwaka 1968 kwa kuwa hukuuliza. Ilikuwa usiku wa mnada wa kondoo. Tulikuwa baa, nami nilikuwa nimekunywa vya kutosha kuwa mtu mkarimu. Kulikuwa na genge la wakata manyoya waliokuwa wakipita, na mmoja akasema Southland hakuna bata wa maana. Nikamwambia walipo. Nilimchorea na ramani, Verna, nyuma ya kisanduku cha sigara. Siku ya vigingi Murdo nami tulifika saa nne na dakika tano na kuwakuta wamekaa wanatungoja, wanne, wameshapigilia chao, wamewasha moto. Mmoja akanipungia mkono na kuniita jina.

Murdo hakunipiga wala hakupaza sauti. Aliniambia niape, nikaapa. Kisha akanirudisha nyumbani na hakunisemesha tena, si njiani tu bali tangu siku ile. Mwezi wa tisa nilikuja huku. Miaka kumi na tisa, habari zake nimezipata kwako, kwenye barua za Krismasi.

Basi siwezi kusema ni wapi. Lakini nimelala chali nikitazama feni ikizunguka, nikakumbuka kwamba niliapa kutosema. Sikuapa kutouliza. Kwa hiyo nina swali moja.

Bata aliokuwa akileta nyumbani, nani aliwanyonyoa na kuwatoa matumbo? Na walikuwa wamekula nini?

Ewen

---

Otamaru
27 Machi 1988

Shemeji Ewen,

Kwanza nilisoma barua yako nimesimama, kisha nikakaa. Asante kwa kuniambia. Sikujua. Aliniambia tu ulipata kazi nzuri.

Mambo ya hapa: vitunguu nimevitoa, viko kwenye magunia. Thelma yu mzima na meno yake.

Sasa swali lako. Niliwanyonyoa mimi, nani mwingine? Miaka thelathini na nane kwenye sinki lile, na dirisha wazi kwa sababu ya manyoya. Wala sikuwahi kufikiri kwamba nilikuwa nikisoma kitu.

Bata wa Neville, aliotuletea mwaka juzi kwa majivuno, walijaa shayiri mpaka shingoni. Hao ni wa kwenye mashamba. Wale wa mume wa Thelma, alipokuwa hai, walikuwa na mbegu ndogo nyeusi za manyasi na konokono. Wa Murdo walikuwa na kokwa za mwaloni. Zile zenye kofia. Nzima kabisa, ndani ya mfuko wa shingoni, wakati mwingine tano sita kwa bata mmoja. Mwaka tuliooana, na miaka iliyofuata. Kisha mwaka mmoja hazikuwepo, naukumbuka, kwa sababu Mei ile hakuleta bata hata mmoja na tulikula kondoo. Naona sasa ulikuwa mwaka upi.

Mwaka uliofuata zilirudi, Ewen. Zikaendelea kuja mpaka mwaka jana.

Na nikwambie jambo lililonifanya niache kuandika nitoke nje. Mwaka 1971 niliokota kokwa moja sinkini, nzuri, inang'aa, nikaona haya kuitupa. Niliipanda kando ya lango kwa kijiko. Sasa mti ule umepita paa. Kamba yangu ya nguo nimeifunga kwenye shina lake. Miaka hii yote nimeanika soksi za Murdo juu ya jibu.

Katika vile vinamasi vitatu, mialoni iko mahali pamoja tu. Unapajua na ninapajua. Kuna mtu alifundisha watoto pale zamani, kabla nyumba haijaungua, akapanda miti minane. Jina silitaji. Nimeanza kuwaelewa ninyi watu.

Usinithibitishie, nisikuvunjie kiapo. Tufanye hivi: kama nimekosea, niandikie haraka. Kama nimepatia, nyamaza.

Verna

---

Otamaru
12 Aprili 1988

Shemeji Ewen,

Sijapata barua kutoka kwako. Kila asubuhi nilimngoja mtu wa posta langoni, na kila alipopita bila kitu nilimshukuru, mpaka akaniuliza kama niko sawa. Haijawahi kutokea kimya chako kikanifurahisha namna hii.

Nikanunua leseni. Muuzaji aliuliza, "Ya mwanao?" Nikamwambia ni yangu, na kigingi pia. Nimepewa namba 214.

Taabu ilikuwa Neville. Tangu siku ile ya kinamasi alikuwa akinifuata kama harufu ya samaki. Nikienda dukani, yupo nyuma. Nikienda kanisani, naye amempata Mungu. Nikajua Jumapili ya vigingi atakuwa amekaa garini tangu alfajiri, anangoja pikapu ya Murdo itoke.

Basi ikatoka. Saa mbili asubuhi Thelma aliiendesha kutoka uani kwangu, amevaa koti langu na skafu yangu. Dot alikaa kando yake na kofia ya Murdo kichwani, tumeifunga kwa utepe chini ya kidevu. Thelma anasema mbwa aliipenda. Wakaelekea kusini, mwendo wa mazishi, na Neville nyuma yao, mpaka kinamasi cha mbali kabisa, kile cha mashimo ya mchanga. Huko Thelma akashuka, akatandika blanketi, akatoa kitambaa chake cha kufuma. Neville alingoja mpaka saa nne na robo ndipo akasogea.

"Verna, huendi kupigilia?"

Thelma akageuka. "Verna yupi? Habari za asubuhi, Neville. Unapenda mkate wa jibini?"

Alikula miwili, maskini. Nilikuwa nimeifungasha kwa ajili yake, sikutaka mtu adanganywe kisha ashinde na njaa.

Mimi nilikuwa nimetoka kwa mlango wa nyuma na baiskeli, kigingi nimekifunga kwenye mpini, nyundo kikapuni. Nilifika chini ya mialoni saa tatu na nusu. Hakuna mtu. Kokwa zimejaa chini, zinapasuka chini ya matairi. Nikasimama nikitazama saa ya mkononi. Ni saa ya Murdo, na ni kubwa kwangu. Saa nne ilipogonga nilipigilia, mara kumi na moja kwenye kigingi na mara moja kwenye kidole. Kando yake kilikuwa bado kimesimama kigingi chake cha mwaka jana. Sikukigusa.

Kisha nikafuata njia nyembamba ndani ya manyasi na kukiona kibanda chake. Mtu angeweza kupita hatua mbili kando yake asikione. Amekisuka kwa manyasi, paa la bati lililopakwa tope, tundu la kutazamia maji. Ndani ni pakavu. Kuna rafu yenye kopo la chai. Kopo moja, na vikombe viwili.

Na viti ni viwili, Ewen. Kimoja ni kile kiti cha jikoni kilichopotea 1962, na mimi nilimlaumu mtu wa kukusanya vyuma. Cha pili ni kigoda cha miguu mitatu, cha kukamulia ng'ombe, cha mama yenu. Chini yake mmechoma jina lako kwa chuma cha moto, E kubwa na herufi nyingine ndogo zinazopanda kilima. Kimepakwa rangi ya kijani. Si rangi ya zamani. Kila mwezi wa tatu Murdo alinunua kikopo kidogo cha rangi ya kijani, na kila mwaka nilijiuliza kwa nini lango letu halipati rangi hata siku moja.

Cha kwake hakina rangi. Kimeoza mguu mmoja, amekifunga kwa waya.

Nikakaa kwenye cha kwake nikala mkate. Bata walikuwa upande wa pili wa maji, wanaongea. Sasa najua kwa nini nilikuwa nikifungasha cha watu wawili. Nilimwita mlafi miaka kumi na tisa, na yeye akanyamaza.

Mengine yote sheria inayasema. Mwenye kigingi lazima awe ameketi mahali pake ndani ya saa moja baada ya risasi ya kwanza, Jumamosi tarehe 7 Mei, la sivyo pako wazi kwa yeyote, na yeyote huyo tunamjua. Nitaketi. Lakini mimi na bunduki bado hatujazoeana, na makalio yangu yanatosha kiti kimoja tu.

Verna

---

Mackay
26 Aprili 1988

Shemeji Verna,

Nilinyamaza kama ulivyoagiza. Ilikuwa kazi ngumu kuliko kuandika. Siku mbili baada ya barua yako ya mwaloni nilinunua stempu, nikaibandika kwenye bahasha tupu, nikaitazama, nikaiacha. Ninayo hapa. Nimeitumia kwa hii.

Kuna jambo nalo hukuniuliza. Agosti nilikuwa na tiketi ya mazishi. Nilifika Brisbane, uwanjani, na mkoba. Walipotangaza ndege nikabaki nimekaa. Nilikuwa nimeshika kichwani kwamba hata akiwa ndani ya sanduku angegeuza uso ukutani akisikia ninaingia. Nikarudi kwa basi, saa kumi na tano, nikanunua kadi njiani. Walikuwa wamebakiwa na za matrekta tu.

Kile kigoda nilikikalia nikiwa na miaka minane. Kilikuwa cha kahawia.

Nafika Invercargill Alhamisi ya tarehe 5, ndege ya mchana. Utanitambua. Nina upara, na nitakuwa nimevaa sweta tatu. Mchungaji akikuuliza kama kuna hatari, mwambie bunduki nitaishika mimi.

Fungasha cha watu watatu. Mmoja hatakula, Dot atamalizia.

Ewen

---

Otamaru
22 Mei 1988

Shemeji yangu Ewen,

Natumaini umefika salama na chura hakumpangisha mtu chumba chako. Nyumba imekuwa kimya tangu uondoke, ingawa Thelma anasema ni kwa sababu sasa kuna mtu mmoja tu anayekoroma. Umesahau sweta moja. Dot anailalia na siwezi kumnyang'anya.

Nimekaa kuandika mambo mawili matatu kabla sijayasahau, maana asubuhi ile tuliongea kidogo sana na ninajua hutayaandika wewe.

Ulipoingia kibandani ulisimama ukiwa umeinama, ukakigeuza kigoda na kulipitishia jina kidole. Kisha ukasema, "Amepaka mpaka chini." Ukaketi juu yake. Nilikutilia chai kwenye kikombe ambacho sidhani kilikuwa kimewahi kutumika. Kilikuwa na buibui, sikukwambia.

Nilitaka kuona Murdo alikuwa akiona nini. Sasa nimeona. Giza linakuwa kijivu, maji yanatokea kwanza kabla ya kitu kingine chochote, kisha mialoni inasimama ndani yake kichwa chini, halafu bata wanakuja juu yake bila kuonekana, unasikia mbawa tu. Nilielewa kwa nini wakati mwingine alirudi mikono mitupu na uso ule. Aliisahau bunduki.

Wewe hukuisahau, lakini bata hawakuona tofauti. Risasi kumi na nne, shemeji. Nilizihesabu kwa heshima. Aliyeanguka kwa ya kumi na tano nadhani alikufa kwa mshangao.

Yule mmoja nilimnyonyoa Jumatatu ulipokwenda kaburini. Ulichukua muda mrefu, nami sikukufuata, nilijua mna maongezi. Nilimfungua shingo, na zilikuwamo kokwa tatu. Mbili nilizitupia kuku. Ya tatu nilitaka kukutumia, lakini forodha yenu hawapendi mbegu za watu, na mwaloni kwenye miwa ungechekwa. Nimeipanda upande wa pili wa lango, kwa kijiko kilekile. Ikiota utakuwa wako. Itabidi uje kuukagua kila Mei.

Kigoda nimekiacha kule. Mwezi wa tatu nitanunua kikopo cha kijani, na safari hii na kiti cha Murdo kitapata.

Neville alikuja jana na keki. Hana kinyongo, amesema hila ya kofia ya mbwa ilikuwa nzuri kuliko zote alizowahi kufanyiwa, na kwamba Murdo angeipenda. Tukanywa chai. Akasifu mti wangu wa langoni. Akazungukazunguka, akasifu na pazia, mwishowe akaweka kikombe chini.

"Lakini nieleze kidogo tu, Verna. Wewe na huyo shemeji yako, ile asubuhi ya ufunguzi. Mlikuwa wapi?"

Nikamkatia kipande kingine.

"Kule kule," nikamwambia.

Shemeji yako,
Verna